Besdei ya pacha, watoto karibu mia, bustani ya kukodi: naombeni akili

MamaPacha_Goba

Wadau, habari za jioni. Naombeni akili, maana zangu zimeisha.

Nina pacha, wa kike na wa kiume, mwezi wa 11 wanatimiza miaka 7. Shuleni waliwatenganisha, mmoja yuko la kwanza A, mwenzake B. Mimi nilipanga waite rafiki kumi kumi, tukate keki sebuleni, yaishe. Baba yao akaropoka mezani, "Mwaka huu mtaalika darasa zima." Darasa zima, mara mbili! Orodha ninayo hapa: 38 na 41. Bado binamu zao wa Tabata na wa Kibaha.

Kwangu gari likigeuka ndiyo uwanja umeisha. Nimepata bustani ya kukodi hukuhuku Goba, ina turubai, viti na ukumbi mdogo wa ndani mvua ikija. Laki nane, saa 6 mchana mpaka 12 jioni. Nimeshatanguliza laki nne, risiti nimeandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Bajeti nzima ni milioni mbili na nusu, na baba watoto anakohoa kila nikiitaja.

Jumamosi au Jumapili? Chakula gani? Yale maputo makubwa ya kurukia nichukue moja au mawili? MC ni lazima? Na wazazi wanaobaki nao nawalisha?

FundiPuto

Dada, hizo ndizo kazi zangu, mwaka wa tisa huu nakodisha hayo maputo. Nitasema ya upande wangu tu, ya sufuria watakuja wenyewe.

Puto la kurukia halifungwi mdomo kama la kupamba. Hewa inavuja kwenye mishono muda wote na feni inajaza muda wote. Umeme ukikatika linaanza kulala palepale, na watoto wako ndani. Mwaka juzi nilipata kazi ukumbi mmoja, mwenyewe akaniapia jenereta lipo. Kweli lilikuwepo: stoo, halina mafuta, na kijana anayejua kuliwasha kaenda msibani. Umeme ukakata saa tisa na nusu, watoto 14 ndani. Tukashika kuta kwa mikono, wanaume sita, tukawa tunawachomoa mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila kuna kiatu kimoja mpaka leo mama yake ananidai. Tangu siku hiyo natembea na jenereta langu.

Kwa hiyo usimuulize "lipo?" Mwambie aliwashe ukiwa umesimama pale. Feni moja hula karibu kilowati moja na nusu, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo, kale kajenereta ka kuwasha taa na tivii kasikudanganye. Muziki upewe waya wake, usichomekwe pamoja na feni.

Halafu upepo. Viwango vya wenzetu vinasema ukifika kilomita 38 kwa saa watoto watoke. Kipimo huna, basi tazama miti: ikiyumba miti yenyewe na si majani tu, shusha watoto. Puto lifungwe vigingi kila pembe. Kama chini ni sakafu au vitofali, kigingi hakiingii, mwenye puto aje na mizigo ya kulishikilia, na aambiwe mapema. Mwezi wa 11 ni vuli, likilowa linateleza kama bamia. Njoo na matambara ya kukaushia.

Chukua mawili, moja dogo. Binamu wa miaka 13 asiruke na wa miaka 4. Na mlangoni akae mtu mzima ambaye simu yake iko kwenye mkoba.

BiMkubwa_Temeke

Mwanangu, hongera ya pacha. Baba yao msamehe, wote wako hivyo.

Jumamosi utawakosa Wasabato, hawaji mpaka jua lizame. Asubuhi ya Jumamosi na Jumapili watoto wengi wa Kiislamu wako madrasa, na Jumapili asubuhi wenzao wako kanisani. Weka Jumapili, saa 8 mchana. Kadi iandike saa 7 na nusu, unatujua.

Chakula sasa. Mimi nimepika shughuli nyingi, na nakwambia mtoto akiona puto hali. Mjukuu wangu alipofanyiwa yake tulirudi na sufuria zima la pilau, tukalila mpaka Jumatano. Kilo moja ya mchele hesabu sahani kumi za watoto. Kilo nane zinawatosha, ongeza tano za wakubwa, maana ndiyo, wazazi utawalisha. Mtu hakai saa nne juani kwa bisi! Kuku wachinjwe kihalali wote, chungu kiwe kimoja, usianze kutenga sahani za huyu na yule. Chipsi acha, zikipoa ni kama kamba.

Usiwalishe wakifika. Wakishiba wakaenda kurukaruka utafua mpaka puto la watu. Waruke kwanza, wapewe bisi na maji, wale saa kumi, keki saa kumi na moja.

Soda za chupa usilete kabisa. Watoto wamevua viatu kwa ajili ya puto, kreti moja ina chupa 24, moja tu ikivunjika kwenye majani mtaitafuta na tochi. Juisi kwenye ndoo ya bomba, vikombe vya karatasi. Na zile baluni za mapambo zikipasuka vipande viokotwe hapohapo, watoto wadogo huvitia mdomoni vikawakaba. Waulize pia kina mama nani hapatani na karanga.

BabaWatatu

MC wa watoto wa miaka saba wa nini? Shangazi mmoja mwenye sauti anatosha.

Mimi nina wasiwasi na hiyo karatasi ya daftari. Rudi muandikishane: saa 6 ni ya wageni au na ya wapambaji? Usafi wa nani? Mvua ikinyesha ukumbi wa ndani unalipiwa tena? Vyoo vingapi? Na getini weka mtu mwenye orodha. Kila mtoto abandikwe mkononi karatasi ya gundi yenye namba ya simu ya mzazi, na asitoke na mtu asiyejulikana, hata akisema ni anko.

MamaPacha_Goba

Nimetoka kule sasa hivi. Jenereta limewaka, ila baada ya kuvuta kamba mara nne, na ni dogo. FundiPuto nakuja kwako, uje na lako. Vyoo viwili, kimoja hakina kitasa, kaahidi kufunga. Muda wa kupamba kumbe ulikuwa ndani ya hizo saa sita! Nimelia kidogo, kaniongezea kuanzia saa 3 asubuhi kwa elfu hamsini, tumeandikishana na saini mbili. Itakuwa Jumapili. MC nimemfuta, baba watoto kikohozi kimepungua.

Limebaki moja. Keki kubwa moja yenye majina yote mawili, au mbili ndogo?

BiMkubwa_Temeke

Mbili. Na visu viwili.