Naombeni ushauri: injini ya 3L imetoka ovahoo (imefunguliwa yote na kufungwa upya), fundi anataka tuivute na Fuso ndo iwake

mkulima_wa_viazi
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu tangu mchana nina presha, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Nina Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, ile ya cc 2779, nabebea viazi huku Njombe. Mwezi wa nne narudi na mzigo kutoka Dar, kufika Kitonga mshale wa joto ukaanza kupanda, mimi kwa ubishi wangu nikasema ngoja nimalizie mlima kwanza nipumzikie juu. Juu sikufika. Ilizima na haikuzunguka tena. Kufungua, hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ina nyufa katikati ya valvu na pistoni ya tatu imekwaruza silinda.

Miezi mitatu natafuta hela. Nimenunua hedi mpya, bloku imechongwa, pistoni ovasaizi (zilizozidi ukubwa wa kawaida) 0.50, ringi, beringi zote, seti nzima ya gasketi na mkanda wa taimingi, ule unaofanya krenki na valvu zizunguke kwa mpangilio. Krenki walipima wakasema iko vizuri.

Leo fundi kamaliza kufunga. Kaweka oili, kaweka maji, kapiga stata kama dakika mbili mfululizo mpaka betri ikalegea na haijakohoa hata mara moja. Sasa anasema kesho saa mbili asubuhi tuivute na Fuso ya jirani, eti injini mpya ni ngumu lazima ivutwe. Kuna mwingine pale gereji akaongeza tushike kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa. Mimi si fundi ila roho imekataa. Nifanyeje?

spana_namba_17
USIVUTE. Usiku mwema.

kijana_wa_mwanjelwa
Mkuu usiogope, sisi tunavuta siku zote hata kwa trekta na zinawaka. Injini ikitoka kuchongwa inakaza, stata haiwezi. Gia ya tatu, achia klachi taratibu, imeisha hiyo.

babu_dizeli
Kijana wangu wa Mwanjelwa, zinawaka ndiyo, lakini uliza zimedumu muda gani.

Mkulima, nisikilize. Swali la kwanza sio itawaka vipi, ni oili imeshafika juu? Injini iliyofunguliwa yote, njia zake za oili ni kavu. Beringi zako mpya sasa hivi zina ile oili kidogo tu fundi aliyopaka wakati anafunga, kama alipaka. Ukiivuta na Fuso unaizungusha kwa nguvu na kasi ambayo huwezi kuipima, na ikishika ghafla inaruka mpaka mizunguko elfu mbili na oili bado inapanda ngazi. Sekunde chache hizo zinatosha kula beringi ulizotafutia hela miezi mitatu. Na kama taimingi imekosewa, kwa mkono utasikia imegota utasimama, kwa Fuso utasikia valvu zimepinda.

Kwahiyo kesho fanya hivi. Betri ichajiwe usiku huu kwenye chaja, sio kuungia ungia asubuhi. Kabla ya kugusa swichi, fundi aweke spana kwenye boliti ya puli ya krenki aizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Inatakiwa iwe nzito lakini laini, ikigota mahali asilazimishe, afungue kava ya mkanda aangalie alama.

Kisha afungue filta ya oili, aijaze oili, aifunge tena. Halafu kwenye pampu ya dizeli kuna solenoidi yenye waya mmoja, huo ndo unaoruhusu dizeli ipite. Autoe. Sasa mpige stata sekunde kumi, mpumzike nusu dakika, tena kumi, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime ikiwa stata inazunguka. Dizeli haiingii, injini haitawaka, inazunguka tu inajinywesha. Taa isipozima baada ya raundi saba nane, simama, kuna shida ya oili na hakuna cha kuwasha hapo.

Ile dakika mbili mfululizo fundi aliyopiga nayo si kitu cha kufanya, stata inaungua.

mkulima_wa_viazi
Babu shikamoo na asante sana. Nimempigia fundi nimemsomea, kanyamaza kidogo halafu akasema "sawa bosi, gari ni yako". Sijui kanuna.

babu_dizeli
Marahaba. Mwache anune, mpelekee chapati asubuhi.

mama_fuso
Naongezea kwa babu. Mimi nina gari mbili za mizigo na nimeshalia sana na mafundi. Haijakohoa kabisa maana yake dizeli haijafika kwenye nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), ina upepo. Pampu ilitolewa, bomba zilitolewa, filta imefunguliwa, kila mahali ni hewa. Juu ya filta ya dizeli kuna kitufe cha kupampu kwa mkono, pampu mpaka kiwe kigumu kabisa kidole kikatae. Ndipo mlegeze nati za bomba pale kwenye nozeli zote nne, mpige stata, mtaona povu kwanza halafu dizeli safi inaruka ruka. Moja moja mnakaza. Wengine husikia inaanza kushika wakikaza ya tatu.

Ila mkono usikae mbele ya bomba. Presha ya pale ni zaidi ya bar 100, dizeli inapenya ngozi na unaweza kupoteza kidole, sitanii.

Na hizo pampu za 3L zinalainishwa na dizeli yenyewe, kuizungusha kavu muda mrefu ni kuisaga. Kwahiyo pampu kwa mkono kwanza kabla hata ya kupiga ile stata ya oili.

spana_namba_17
Petroli kwenye mdomo wa hewa pia USITHUBUTU. Gari ina hita plagi, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, hita zikiwa za moto na mvuke wa petroli unaingia italipuka kabla pistoni haijafika juu. Nimeona ringi zimevunjika vipande. Badala ya petroli zipimeni hita. Itoe, ishike na kebo ya jampa kwenye betri, inatakiwa iwe nyekundu nchani ndani ya sekunde chache. Kwa baridi ya Njombe mwezi wa saba hita mbili zikiwa zimekufa utapiga stata mpaka Krismasi.

makanika_wa_likoni
Salaam kutoka Mombasa. Yote yamesemwa vizuri ila hakuna aliyeuliza kwa nini ilichemka. Ndugu yangu, hedi za 3L zinapasuka sana na mara nyingi huwa si kosa la hedi. Rejeta ulisafisha? Klachi ya feni, ile inayokaza feni injini ikipata joto, ulicheki? Temostati mpya au ile ile? Ukifunga hedi mpya kwenye rejeta iliyoziba utarudi hapo hapo mlimani kupasua nyingine.

Siku ya kuwasha acha mfuniko wa rejeta wazi, washa hita ya ndani ya gari kwenye moto ili maji yazunguke kote, uongeze maji kadri yanavyoshuka. Ukiona mapovu yanakuja bila kukoma hata baada ya hewa kuisha, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, zima.

Kingine, awepo mtu mmoja mwenye kipande cha ubao karibu na mdomo wa hewa. Injini ya dizeli ikipata kichaa mizunguko ikapanda yenyewe, kuzima swichi inaweza isisaidie, unaziba hewa. Ubao, si kitambaa, kitambaa kitamezwa.

mkulima_wa_viazi
Rejeta ni ile ile jamani. Klachi ya feni hata sijui iko wapi. Nimepata la kufanya usiku.

kijana_wa_mwanjelwa
Mimi narudisha maneno yangu kidogo. Lakini ikigoma kabisa?

babu_dizeli
Ikigoma kabisa tunatafuta sababu. Fuso haijui sababu.

mkulima_wa_viazi
MREJESHO. Saa sita mchana sasa.

Rejeta ilitolewa saa moja asubuhi ikapelekwa kwa mtu wa kuzibua, imetoka tope kama la mfereji wa bustani. Klachi ya feni ilikuwa inazunguka kwa kidole kama feni ya mezani, tumepata yusdi. Hita plagi moja ilikuwa imekufa. Tumezungusha kwa mkono, haikugota. Tumepampu dizeli, tumetoa waya wa solenoidi, taa ya oili imezima raundi ya nne, nikamwona fundi anatabasamu kwa pembeni.

Tukalegeza nati, tukapiga stata. Hakuna kitu. Hata povu. Tukapampu tena, tukapiga tena, hakuna. Fundi akaanza kusema pampu imekufa, mimi nikaanza kuhesabu bei ya pampu kichwani, jirani wa Fuso akaanza kukunjua kamba. Tumesimama dakika ishirini tunabishana. Mtoto wa fundi, wa darasa la sita, kaja kuleta maji ya kunywa akauliza "baba huu waya ni wa wapi?"

Waya wa solenoidi. Tuliutoa wenyewe tukasahau kuurudisha.

Tukaurudisha, povu, dizeli, tukakaza, tukasubiri hita, na pigo la pili ikashika. Imetetemeka, imetoa moshi mweupe wa kufunika gereji nzima, ikamisi misi kama dakika moja halafu ikatulia. Taa ya oili ilizima hapo hapo. Sikulia ila macho yaliniwasha, nasema ni moshi.

mama_fuso
Hahahaha mpe huyo mtoto soda. Hongera baba. Moshi umeisha?

mkulima_wa_viazi
Umepungua sana, sasa ni kidogo na unanukia dizeli. Kuna unyevu wa oili unatoka kwenye kava ya valvu, fundi anasema utajifunga wenyewe.

spana_namba_17
Haujifungi wenyewe. Akaze.

makanika_wa_likoni
Usiiache sailensi (inaunguruma imesimama) masaa na masaa. Ikipata joto vizuri na hakuna mapovu wala kuvuja, itoe barabarani bila mzigo, panda gia, ikanyage kiasi halafu iachie, ikanyage, iachie. Ringi zinakaa vizuri zikipata presha, sio kwa kuunguruma pale pale. Oili hiyo uimwage ukifika kilomita 500 na filta yake, itakuwa na vumbi la chuma. Viazi visubiri.

mkulima_wa_viazi
Viazi vipo shambani vinasubiri tangu mwezi wa nne, vizoee tu. Fundi kala chapati sita.