Farasi na ng'ombe zizi moja: wachangie chakula na dawa ya kupe?

Mchunga: Habari wakuu. Nina ng'ombe wa maziwa, na sasa nimepata farasi jike. Wote wanakula chakula cha gunia cha ng'ombe. Tangu asubuhi farasi anaparua ardhi kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, na kinyesi ni kidogo tena kikavu. Je, ni minyoo? Na siku ya kuogesha ng'ombe, naye nimpulize dawa?

Mama Ndama: Mkuu, huo ni msokoto wa tumbo, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Mwondolee chakula, maji muachie. Pima mapigo kwenye mshipa chini ya taya: farasi mzima aliyetulia huwa na 28 hadi 44 kwa dakika. Yakizidi 60 huku anatoka jasho, kila dakika ina thamani.

Kijana wa Zizi: Mnyweshe mafuta ya kula kwa chupa, yatalainisha.

Mama Ndama: Hapana, tafadhali! Mafuta ya chupa huingia mapafuni kirahisi. Daktari huyapitisha kwa mpira kutoka puani hadi tumboni. Na farasi hawezi kutapika, ukimshindilia kitu tumboni hakirudi.

Kwato Nne: Naongezea la gunia. Soma lebo, ukiona monensini, farasi asilionje. Ng'ombe huwekewa ili anufaike zaidi na chakula, lakini kwa farasi kiasi kidogo tu huharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuitengua. Ya kupe nayo, kama ni amitrazi, usimpulize: hudumaza matumbo ya farasi na kuleta msokoto huohuo. Mwulize daktari inayomfaa.

Mchunga: Asanteni sana. Hajapulizwa bado. Gunia halina lebo, nimeliweka mbali naye. Mapigo 52, daktari yuko njiani. Akipona, malishoni niwatenganishe?

Kwato Nne: Malisho hayana shida, tena yanasaidia. Minyoo mingi ya farasi haiishi kwa ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe akila majani yaliyo karibu na kinyesi cha farasi anasafisha uwanja. Tenganisha vihori tu, na farasi asipewe nyasi kavu zenye ukungu hata kama ng'ombe wanazila. Tupe taarifa daktari akishamwona.