Sekondari za wasichana wa Kiyahudi wanafundishaje dini? Mwenye kujua aje

Mwl wa Kihesa
Kamwene wakuu. Nafundisha somo la dini kidato cha tano na sita, shule ya bodingi ya wasichana huku Iringa, tupo kwenye Agano la Kale. Juzi wakati wa prepo nikamkuta binti anakariri safari ya Ibrahimu kwa herufi za mwanzo, Uru Harani Shekemu Betheli, nikamuuliza haya pale Shekemu Ibrahimu alifanya nini, akanijibu kwa heshima zote "mwalimu hiyo haijawahi kutoka kwenye pasti pepa" 😂 nikaishiwa nguvu. Sasa nikawaza, wenye hicho kitabu wenyewe yani Wayahudi, sekondari zao za wasichana wanafundishaje? Nao ni noti na kukaririshana? Halafu kuna jamaa aliniambia wasichana wa Kiyahudi hawaruhusiwi kusoma vitabu vya dini, ni kweli au stori za kijiweni?

Binti Makambako
Kamwene mwalimu. Nilipokuwa nasoma London nilipanga chumba Golders Green, kwa mama mmoja wa Kiyahudi, binti yake alikuwa sekondari ya wasichana watupu ya dini yao. Huyo mtoto alikuwa anasoma jamani! Asubuhi masomo ya dini, mchana ndo hesabu, sayansi, Kiingereza, na dini yenyewe sio somo moja kama kwetu, ni masomo mengi kila moja na periodi zake: Torati kivyake, Manabii kivyake, sheria (mambo ya Sabato, chakula, sala), historia ya Wayahudi, na Kiebrania maana wanasoma kitabu kwa lugha yenyewe. Ijumaa za Desemba wanatoka mapema mno kwa sababu jua la kule linazama kabla ya saa kumi jioni na Sabato inaanza nalo.

Ila kilichonishangaza ni kitabu chenyewe. Ukurasa mmoja unakuta mistari ya Biblia michache tu huko juu kwa herufi kubwa, pembeni tafsiri ya Kiaramu, chini yake ndo vimebanana maelezo ya wazee wa zamani kwa herufi ndogo ambazo hata maumbo yake ni tofauti. Mkubwa wao anaitwa Rashi, alikuwa Troyes, Ufaransa, kafariki 1105, mpaka leo binti wa sekondari hasomi mstari bila kumsoma yeye. Na mwalimu haulizi "Rashi amesema nini", anauliza "Rashi kaona tatizo gani hapa mpaka akaamua kusema". Hapo ndo kazi inapoanza.

Mfano alinionyesha jikoni huku tunamenya karoti, Mwanzo 22, Mungu anamwambia Ibrahimu "umchukue mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye, Isaka". Mbona maneno mengi hivyo? Si angesema tu mchukue Isaka? Rashi anayaleta kama mazungumzo, Mungu anasema mwanao, Ibrahimu anajibu nina wana wawili, anaambiwa wa pekee, anajibu huyu wa pekee kwa mama yake na yule wa pekee kwa mama yake, anaambiwa umpendaye, anajibu nawapenda wote, ndo anatajiwa Isaka. Rashi anasema ni ili asishtuliwe ghafla akachanganyikiwa. Mi nimelelewa Lutheri toka utoto, huo mstari nimeusikia sijui mara ngapi, sijawahi kumuona Ibrahimu akikwepakwepa pale.

Kiazi wa Njombe
Tamu hiyo dada, ila mwalimu ukiileta huku watoto wataulizana maswali mpaka Mei wakati mtihani uko mlangoni. Kule wana asubuhi nzima, wewe una periodi ngapi kwa wiki? Halafu swali la pembeni, hao Agano Jipya wanasoma?

Mzee wa Tukuyu
Mwalimu, hiyo ya kutoruhusiwa ina ukweli nusu na uongo nusu. Ubishi upo ndani ya vitabu vyao wenyewe, kwenye Mishna (mkusanyiko wao wa zamani wa sheria) Ben Azai anasema baba ana wajibu wa kumfundisha binti yake Torati, hapohapo Rabi Eliezeri anampinga vikali. Karne na karne upande wa kupinga ndo ulishinda, wavulana wakaenda kwa marabi, mabinti wakajifunza kwa mama zao nyumbani.

Kilichogeuza mambo ni shule za serikali. Kule Kraków, Poland, watoto wa kike wa familia za dini walikuwa wanapelekwa shule za kawaida, wanatoka wamebobea riwaya za Kipolandi ila dini yao hawaijui hata kidogo, wakawa wanaiacha. Akatokea fundi cherehani, Sarah Schenirer, mzaliwa wa 1883, alikuwa anawashonea wanawake nguo akaona wanahangaikia vipimo vya gauni kuliko roho zao. Mwaka 1917 akaanza kufundisha mabinti wadogo, ndo chanzo cha shule za Bais Yaakov. Marabi wakubwa wa wakati ule walimuunga mkono. Alifariki 1935, vita ya Hitler ikazifagia zile za Ulaya, lakini leo ukienda New York au Yerusalemu zimejaa.

Sasa jamaa yako alichosikia nadhani ni Talmudi, yani vile vitabu vikubwa vya mijadala ya marabi juu ya hiyo Mishna. Bais Yaakov mpaka leo kwa kawaida wasichana hawafundishwi Talmudi, wanapewa Torati, Manabii na sheria. Lakini Boston kuna shule inaitwa Maimonides, Rabi Joseph Soloveitchik aliianzisha 1937, pale wasichana wanakaa na Talmudi sawa na wavulana, na 1977 mwenyewe akaenda kufungua darasa la Talmudi chuo cha wanawake cha Stern, New York. Mimi nina mabinti watupu kwa hiyo mnajua niko upande gani 😄

Kiazi, kuhusu muda. Yerusalemu kulikuwa na mwalimu mwanamke anaitwa Nechama Leibowitz, toka 1942 akawa anatuma kwa posta karatasi ya maswali ya Torati kila wiki, watu wanajibu wanamrudishia, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Karatasi moja kwa wiki haihitaji asubuhi nzima.

Binti Makambako
Kiazi, Agano Jipya hawasomi. Agano la Kale ni lilelile la Waprotestanti ila wanahesabu vitabu 24 sio 39, Samweli kwao kimoja, Wafalme kimoja, manabii wadogo 12 wote kitabu kimoja, na kinachofunga sio Malaki ni Mambo ya Nyakati.

Mwl wa Kihesa
Mzee ndaga fijo, dada asante sana. Hiyo ya karatasi naichukua, Alhamisi nina dabo periodi naanza na Mwanzo 22, swali moja tu ubaoni: kwa nini hakusema Isaka moja kwa moja. Dada, na mitihani yao je?

Binti Makambako
Hapo Kiazi atafurahi maana kukariri kupo tena kwingi. Swali lao maarufu ni "nani alimwambia nani", unapewa kipande cha mstari tu, unataja msemaji, aliyeambiwa na walikuwa wanaongelea nini. Yule mtoto alikuwa ananifanyisha mimi huku nasonga ugali. Haya jaribuni: "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?"

Kiazi wa Njombe
Rahisi. Boazi kwa Ruthu.

Mwl wa Kihesa
Kiazi kaa chini. Elkana kwa Hana, Samweli wa Kwanza sura ya kwanza.