Nimekunywa maji ya bomba la barabarani Roma halafu nikalipishwa euro 19. Huyu mtu mumshike

Wakuu, salamu baadaye. Niko Termini, stesheni kuu ya Roma, nasubiri treni ya kunirudisha mkoani ninakosoma huku huku Italia, simu ina chaji asilimia 14, hasira zina chaji 100, kwa hiyo naandika haraka, makosa ya uandishi mtajijua wenyewe.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji, wasimamizi wasije kunifungia bure, ila mnamjua. Mwenyeji wetu wa Roma. Yule wa skafu shingoni hata mwezi wa saba. Yule aliyeandika uzi wa kuzunguka Roma kwa mfuko wa mwanafunzi ambao kila mgeni akiuliza humu mnamtupia link na makopakopa. Huyo huyo. Leo kanitembeza kutwa nzima na nimeona mengi ila naanza na lililoniuma maana hayo mengine ni nyongeza tu.

Tumefika Piazza Navona jioni, jua bado linachoma, tuko watu saba, mimi na yeye na marafiki zake watano aliowaokota sijui wapi. Bila kuuliza mtu kavuta viti kwenye mgahawa wa pale pale uwanjani, ile ya miavuli na wahudumu wa vitambaa mkononi. Nikamvuta pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka mimi sitaagiza, nina kiu tu. KWA SAUTI YA CHINI. Yeye kageuka, kanyoosha kidole kwenye kona ya kichochoro na kwa sauti ya kondakta wa Gongo la Mboto kasema "bomba lile pale mkuu, we si uko kwenye bajeti?"

Meza nzima ikacheka. Meza ya jirani ya Wajerumani ambao Kiswahili hawajui hata "jambo" nayo ikacheka.

Nikaenda. Nikainama kwenye nasone, yale mabomba ya chuma yenye pua, nikanywa, maji ya baridi matamu, sina ugomvi na maji. Nikarudi nikakaa. Wao wanashushia vinywaji vya rangi ya machungwa kwenye glasi kubwa, wanakula tiramisu, kile kitamu cha kahawa, mkate umekuja hakuna aliyeuita. Bili ikaja, euro 133. Huyu bwana kaishika, kaikunja, kavuta pumzi ya kibaba, kasema "sisi ni ndugu, tugawane sawa."

Kumi na tisa kila kichwa. Mimi! Wa bombani!

Julius Caesar alichomwa visu mitaa ya hapo hapo, pale Largo Argentina, mwaka 44 kabla ya Kristo, na waliomchoma ni watu wake wa karibu kabisa, lakini walau hawakumletea bili. Euro 19 mnajua ni nini? Tiketi ya Colosseum ni euro 18, na humo humo unaingia Forum na kilima cha Palatino. Yaani ningeona Roma yote ya watawala Vespasian na Titus na ningebaki na euro moja mfukoni. Badala yake nimeona kidole. "Bomba lile pale mkuu."

Na katikati ya uwanja ule kuna ile chemchemi ya Bernini ya mito minne, mto Nile kachongwa kama mtu, amefunika uso na kitambaa. Watalii wanapiga picha wanashangaa kwa nini kafunika uso. Mimi najua. Alikuwa ananionea aibu.

Na siku ilishaanza vibaya. Asubuhi tumeanzia Piazza del Popolo, kaniingiza kanisa la Santa Maria del Popolo, kuingia bure ni kweli, kuna picha mbili za mchoraji Caravaggio mle, Petro anasulubiwa kichwa chini na Paulo kaanguka toka kwenye farasi kalala chali. Nilipenda, sitakuwa mnafiki. Ila ni giza, taa inawaka ukitumbukiza sarafu. Sarafu alitoa nani? Mimi. Yeye alikuwa anaelezea. Taa ikizima ananiangalia.

Tukaenda zile ngazi za Kihispania, nikatoa mkate wangu wa mayai niliofunga kwenye foili, yeye mwenyewe kaniambia kaa hapa ule, wanafunzi wote wanakula hapa. Sijang'ata hata mara mbili, filimbi! Askari wa jiji yuko juu yangu. Kumbe kukaa pale ni marufuku tangu 2019, na kula ndio kabisa, faini inafika mpaka euro 400. Nikala mkate huku natembea mpaka chemchemi ya Trevi.

Pantheon nayo, lile hekalu la kale, kwenye uzi wake imeandikwa BURE kwa herufi kubwa. Bure! Tangu Julai 2023 kuingia ni kwa tiketi! Kafika pale kaanza kubishana na binti wa tiketi kwa Kiitaliano cha mikono, foleni nzima inatusubiri sisi, mwisho kasema "basi tuione kwa nje, nje ndiyo nzuri." Kuba la karibu miaka 1,900, lenye tundu katikati mvua inaingia mpaka sakafuni, mimi nimeona nguzo na mgongo wa askari.

Haya yote ningesamehe. Ila lile bomba. Ningekunywa nikalala zangu. Unaninyooshea kidole mbele za watu kwa sababu sina hela, halafu dakika arobaini baadaye ninazo za kukulipia tiramisu?

Nataka euro 19 zangu. Au 18 ya Colosseum, hiyo moja abaki nayo anunulie haya.

---

Kiti_cha_Mbele: Nimeshakaa. Endeleeni.

Mama Kachumbari: Pole mdogo wangu jamani. Ila nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂 bomba lile pale mkuu

Dodo_Bichi: Ni nani huyo? Mie mgeni humu

Chuma_cha_Reli: @Dodo_Bichi kama humjui basi hujawahi kuuliza swali la viza humu ndani

Mzee wa Takwimu: Mkuu punguza kuita "bomba la barabarani", heshimu urithi wa watu. Nasone zipo tangu 1874 na zipo kama 2,500 mji mzima, maji yale yale ya majumbani. Na wala hukutakiwa kuinama, unaziba mdomo wa pua kwa kidole maji yanarukia juu kwenye kitundu, unakunywa umesimama na heshima yako.

Mwenye uzi: @Mzee wa Takwimu asante kwa somo. Macho yalikuwa na machozi, kitundu sikukiona.

Nyama_ya_Ijumaa (Nairobi): Wueh! Si ungekataa tu kulipa? Mimi hao wangenijua. Lakini na wewe, unakaaje kwa meza Piazza Navona na huna pesa, hapo hata kivuli wanapima kwa gramu. Kahawa ukisimama kaunta ni euro moja na senti, keti nje hapo uone ikizaa.

Chai_Rangi: Hii chai. Wajerumani walicheka nini kama Kiswahili hawajui?

Mwenye uzi: Kidole hakihitaji mkalimani mkuu.

Mkweli_Daima2: Nasikitika kuona watu wanamchafua mtu aliyesaidia vijana wengi sana kupata vyumba Roma. Kugawana bili ni ustaarabu. Mkate ni utaratibu wa Italia. Na Pantheon kwa nje ndiyo yenye thamani kihistoria. Mtu mzima haleti mambo ya mezani mtandaoni.

Chuma_cha_Reli: ID imefunguliwa leo saa moja usiku. Karibu mwenyeji, vua skafu ukae.

Mama Kachumbari: 😂😂😂😂 mnamuua

Mkweli_Daima2: Mimi siye.

Kiti_cha_Mbele: Hakuna aliyesema wewe ndiye.

Wakili_wa_Kijiwe: Turudi kwenye sheria. Mkoa wa Lazio ulishapiga marufuku "coperto" tangu 2006, ile hela ya kukaa mezani tu, ndio maana Roma wanakuandikia "pane", mkate. Mkate usioagiza unaurudisha mzima na unagoma kuulipia. Swali kwa mwenye uzi, mkate uliguswa?

Mwenye uzi: Uliguswa?? Walibakisha kikapu tu. Mimi nilikuwa bombani.

Wakili_wa_Kijiwe: Basi kesi imekufa.

Mvuvi_wa_Ukerewe: Hapo kwenye Nile kufunika uso wacha niwape darasa. Bernini alipomaliza kazi ile 1651 Wazungu hawakujua mto unaanzia wapi, ndio maana kafunikwa. Chanzo hawakijui wakati mababu zetu wanaogelea humo na kuvua. Wangeuliza tu.

Chai_Rangi: Wangeuliza mngewaelekeza kwa kidole 😂 "chanzo kile pale mkuu"

Bibi wa Mabegi: Afadhali wewe 19 zako umekalia kiti. Mimi nilipata chumba mtandaoni bei chee, nikashangilia, kufika mapokezi dada ananitajia kodi ya mji. Kila usiku! Kila kichwa! Nyota 3 ni euro 6, na hotelini kwenyewe nyota moja nahisi ilishaanguka. Mtoto wa chini ya miaka 10 halipi, mwanangu kashatimiza 10 mwezi uliopita, nikaambiwa naye ni mtalii. Mtalii gani anayelilia tableti?

Nyama_ya_Ijumaa (Nairobi): Hiyo kodi nilidhani ni utapeli nikaitisha meneja

Bibi wa Mabegi: Na mimi. Kaja meneja, kaniletea karatasi ya manispaa yenye mhuri.

Tiketi_Mfukoni: Nyie mnalia na hoteli, mimi nilinunua tiketi halali ya basi, euro 1.50, dakika 100, nikaikunja vizuri kwenye pochi. Wakaguzi wakapanda. Naitoa kwa mbwembwe. Kumbe hukuigonga kwenye ile mashine haihesabiki! Faini zaidi ya euro 50 hapo hapo! Mtu nina tiketi mkononi!!

Mzee wa Takwimu: Na wengi mnapigwa tangu uwanja wa ndege. Mnaona Leonardo Express, treni ya moja kwa moja mpaka Termini, mnakimbilia, euro 14, wakati treni ya kawaida ya FL1 ni 8 inakushusha Trastevere au Ostiense unachukua basi. Ila hamsomi.

Tiketi_Mfukoni: FL1 umesema? Igonge tiketi.

Kobe_wa_Athens: Roma mnajitakia. Njooni Athens, chakula bei poa, watu wakarimu, historia mnaipanda kwa miguu.

Chuma_cha_Reli: Athens ipi, hii ambayo tiketi ya Acropolis, ile ngome ya kale juu ya kilima, imefika euro 30 tangu Aprili 2025? Mkuu kwa 30 mimi nanyooshewa kidole bombani na tiramisu nakula.

Kobe_wa_Athens: Kuiangalia toka chini ni bure

Kiti_cha_Mbele: Huyu naye ni mwenyeji 😂 "nje ndiyo nzuri"

Dada wa Esquilino: Tatizo lenu mnazunguka na njaa. Roma ukitaka isikumalize usile penye chemchemi. Teremka Termini, tembea kidogo mpaka soko la Esquilino jirani na Piazza Vittorio, utakuta bamia, mihogo, ndizi za kupika, pilipili za kutoa machozi ya haki. Mchana pizza ya kukata unapimiwa kwa mizani, unasema nikatie kadogo, unasimama nje unakula. Makumbusho ya serikali Jumapili ya kwanza ya mwezi bure, Pantheon na Colosseum zimo, ila wahi foleni. Hayo ndiyo angewaambia huyo mwenye skafu.

Dodo_Bichi: Dada unga wa sembe upo hapo sokoni?

Dada wa Esquilino: Upo maduka ya pembeni ila bei. Chukua unga wa polenta supamaketi, ni mahindi yale yale.

Mvuvi_wa_Ukerewe: HAPANA. Polenta sio ugali. Ule ni uji ulioshindwa kufanya maamuzi.

Nyama_ya_Ijumaa (Nairobi): Naunga mkono. Nilisonga polenta nikangoja ishikane, nikangoja, nikalala.

Dada wa Esquilino: Mlichukua ile ya dakika tano, "istantanea", ile imeshapikwa tayari haisongeki. Na ya njano ni chenga. Tafuta polenta bianca iliyosagwa laini, mahindi meupe ya upande wa Veneto. Inasimama.

Mwenye uzi: Wakuu naomba turudi kwenye mada. Euro 19 zangu. Kidole. Wajerumani.

Mvuvi_wa_Ukerewe: Subiri mkuu hapa kuna jambo la msingi. Dada, inasimama kusimama au inasimama ya kujikaza?

Dada wa Esquilino: Inasimama unamega unatowelea.

Mama Kachumbari: Mimi nachanganya nusu polenta nusu semolina ya ngano, mume wangu hajawahi kujua

Kobe_wa_Athens: Semolina kwenye ugali?! Wasimamizi fungeni uzi

Mvuvi_wa_Ukerewe: Mfungieni na huyu mama

Mwenye uzi: Hiyo bianca kilo inaenda bei gani? Treni imechelewa dakika 50, naona supamaketi ya hapa stesheni bado iko wazi.

Dada wa Esquilino: Haifiki euro 3. Mwiko je unao? Maana huku wana vijiko vya mbao vyembamba vile, ukikandamiza kinakatikia kwenye sufuria.