Tupeane uzoefu: wewe mwenye kuchunga mugonjwa ku nyumba hapa Bukavu, msaada ulipata ku mulango gani?

Binti wa Nyamugo

Bandugu jambo zenu. Nimefungua hii mada juu nimechoka kuuliza mutu mumoja mumoja. Mama yangu alipata AVC (kiharusi) mwaka jana mwezi wa nane, upande wa kuume wote ulilala, kusema nako kulirudia kidogo tu, na tangu ile siku mimi njo niko naye, asubui, mangaribi, usiku. Bakaka zangu bakipata kitu banatuma, siwalaumu. Lakini kumuinua, kumuosha, kumulisha, kumugeuza, kufua bikwembe, ile yote ni mimi. Nilikuwa nauzisha sambaza (samaki ndogo) ku soko, meza yangu sasa iko na mutu mwingine.

Opitali tulikaa majuma tatu. Munajua kwetu mugonjwa bila gademalade (mwenye kubaki naye kumuchunga) halaliake opitali, munganga anapiga sindano na anaandika dawa, lakini chakula ni wewe, shuka ni wewe, maji ya moto ni wewe, kukimbia ku farmasi usiku ni wewe, unalala chini ku mukeka kati ya bitanda. Na vile vigumu vyote kule nilikuwa na batu. Mama wa kitanda ya pembeni njo alinifundisha kubadilisha shuka mugonjwa akiwa juu yake, unamugeuzia upande moja, unakunja shuka mupaka ku mugongo yake, unatandika mupya, kisha unamurudisha. Siku ya kutoka tulipewa karatasi ya dawa na randevu. Hakuna mutu aliniuliza ku nyumba tutafanya namna gani, na kwetu kutoka barabara kushuka mupaka ku mulango ni ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anateleza.

Mulango wangu wa kwanza ulikuwa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa. Siku ya tatu ba mama ba shirika balikuja kusali, kisha mumoja akaniuliza pole pole, "wee binti, umelala lini?" nikaanza kulia. Tangu pale kila siku ya posho (jumamosi) babili banakuja, mumoja anaosha mama na miye, mwingine anafua. Na vijana ba shirika njo banabeba mama ku kipoyi (machela) mupaka ku barabara kama tuko na randevu. Hawaombi kitu. Ile siku ya posho njo siku naendaka ku soko mwenyewe, hata kama sinunui kitu, natembea tu.

Naomba kila mutu aandike yake: nani alikusaidia, ulilipa ao hapana, uligonga wapi. "Mungu atasaidia" tunaijua wote na tunaiamini, lakini hapa tuandike mulango.

Papa wa Cimpunda

Asante dada kwa kufungua. Mimi nachunga mutoto wangu, ana miaka saba, ana IMC (kilema cha viungo chenye kutoka ku ubongo), alikawia kulia siku alizaliwa, shingo ilikawia kusimama na miguu imekazana kama mukasi. Mama yake anauzisha makala, mimi nafanya kazi ya usiku, kwa hiyo muchana ni mimi na mutoto. Tulizunguka sana, ku batu ba maombi, ku dawa ya majani, tukatupa mali na miaka mbili. Mulango wetu ulikuwa Heri Kwetu, ile santre ya batu wenye kilema hapa Bukavu. Sikujua kama pale kuko kine (mazoezi ya viungo) na atelie ya kutengeneza biatu na bifaa bya miguu, nilizania ni masomo ya viziwi tu. Kule banakupatia kazi ya kufanya ku nyumba: kunyoosha miguu pole pole asubui na mangaribi, kumukalisha ku kiti ya kona yenye meza mbele. Ile kiti nilitengenezesha ku seremala wa jirani na mbao za bei ndogo, ilibadilisha maisha yetu juu sasa mutoto anakula akiwa amekaa na hakabwi tena na chakula.

Kitu kingine, sheria iko. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022, juu ya kulinda na kuendelesha haki za batu wenye kilema katika RDC (Kongo yetu). Haijaniletea hata franga moja ku nyumba, nasema ukweli. Lakini siku direkta wa shule moja (siitaji) alikataa mutoto wangu mbele ya bazazi wengine, nilirudi kesho yake na namba ya ile sheria imeandikwa ku kikaratasi, na tukaongea kwa heshima. Muiandike kila mutu mwenye mutoto wa namna hii.

Mama Kadutu

Miye nitaongea ya pesa juu pesa njo inavunja nyumba mbele ya ugonjwa.

Bwana yangu, sukari, balimukata muguu. Kama hauko mu muso (kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana), ingia, hata ya batu kumi na tano ba avenue moja. Muso iko na makashi tatu. Ya kijani ni akiba na mikopo, ile unarudisha na faida kidogo. Nyekundu ni ya matatizo, kila mukutano kila mutu anaweka kiasi kidogo, na mwenye amepatwa na ugonjwa ao kifo anapewa bila kurudisha. Ya bluu ni ya pesa zenye kutoka inje. Ba mama wengi banawaza ya kijani tu juu ya biashara, ile nyekundu banaisahau, banatoa ya kutosha kukamilisha hesabu tu. Bwana yangu wakati anakatwa, nyekundu njo ililipa transpo, bandeji na chakula yangu ya gademalade ya juma moja. Kiasi hakikuwa kikubwa lakini sikuuzisha cherehani yangu, na ile cherehani njo inatulisha leo.

Ya pili mituweli ya afya, ile kashi ya pamoja ya kulipia matunzo. Kwa mwaka unalipia kila mutu wa nyumba, na banaombaka muandikishe jamaa yote, hauwezi kuandika mugonjwa peke yake juu ile kashi ingekufa. Unangojea muda mbele ya kuanza kutumika, kwa hiyo ukingojea ugonjwa uingie njo ukimbilie mituweli umechelewa. Na fuata njia: kwanza santre de sante yenu, banakupatia transferi, kisha opitali. Ukienda moja kwa moja opitali bila ile karatasi, utalipa yote. Nilifanya ile kosa mara moja, na ilinikula miezi tatu ya deni.

Mutoto wa Bagira

Bakubwa zangu shikameni na kazi. Mimi niko na miaka 19, nachunga koko yangu (mama wa mama), sisi babili tu ku nyumba. Opitali yenye tulikuwa sitaitaja, tulimaliza matunzo lakini fakture ilikuwa mingi, batukatalia kutoka, tulikaa siku kumi na moja bure tu ku kitanda, na kila siku bei inapanda. Kama ningejua kama mu opitali kuko biro ya asistan sosyal ningeenda siku ya kwanza. Niliambiwa na mufagiaji. Asistan alitusikiliza, akaandika, tukaachiliwa na mapatano ya kulipa kidogo kidogo, nalipa mupaka sasa. Basi mwenye kusoma hii: asistan sosyal unamutafuta siku munaingia, haungojei siku ya kutoka.

Niko na swali pia. Koko ameanza kuwa na doa nyekundu ku mufupa wa nyuma chini ya mugongo, haiko kidonda bado. Jirani anasema nikande na mafuta ya moto. Ni sawa?

Kine Muhungu

Mdogo wangu, usikande. Hapo penye wekundu nyama imeshakosa damu, ukikanda unaipasua kwa ndani. Fanya hivi kuanzia leo: mugeuze kila saa mbili, kuume, kisha kushoto, asilalie mgongo penye wekundu, usiku ukishindwa angalau kila saa tatu au ine. Weka mto wa bikwembe chini ya miguu ili visigino vielee, visiguse matela. Asilalie mkojo, umukaushe mara moja, umukaushe kwa kugusa si kwa kusugua. Ukibonyeza pale na kidole, ukiachilia wekundu ukabaki vilevile, ama ngozi ikifunguka, umupeleke santre usingoje. Na chakula iwe na nguvu, uji ya masoso (mahindi, soja na mutama), yai, sambaza za kusaga.

Kwa Binti wa Nyamugo: mama akila awe amekaa wima, kidevu chini kidogo, chakula upande ule mzima wa mdomo, na akimaliza abaki amekaa nusu saa. Na mkono uliolala usimuvute nao kumwinua, bega litachomoka. Umugeuze kwanza ubavuni, miguu ishuke nje ya kitanda, ndipo umusukume kutoka begani. Wewe magoti yakunje, mgongo usiukunje. Nakutana na watu wengi wenye kuchunga wanaokuja na mgonjwa na wao mgongo umeisha kabisa, na hawaniambii mpaka niwaulize.

Binti wa Nyamugo

Kine asante sana, mimi nilikuwa namuvuta na ule mukono. Miezi yote hii. Hakuna mutu alinionesha.

Yaya wa Goma

Naandikia kutoka Goma. Ndugu yangu mudogo ni kichwa (ugonjwa wa akili), anasikia sauti. Mulango wetu ni Tulizo Letu, santre ya magonjwa ya akili ya Bafrere ba Charité (batawa ba katolika), bale bale benye kuwa na SOSAME, ile ya kichwa pia, kwenu Bukavu. Chenye kilinisaidia zaidi hata kuliko dawa ni munganga kukaa chini na mimi peke yangu, bila mugonjwa, akanieleza ugonjwa, akanionesha alama kama inataka kurudia: anaacha kulala, anaacha kuoga, anaanza kufunga madirisha. Sasa nikiona usiku mbili hajalala nampeleka, singoji avunje kitu. Na dawa hatuachi hata kama ameonekana mzima, tuliacha mara moja tukajuta.

Shida yetu ni kwamba tangu mwezi wa kwanza 2025 banki zilifungwa huku, mukubwa wetu mwenye kutusaidia yuko inje anatuma ku telefone, na kutoa ile pesa kunakata sehemu yake. Basi tunanunua dawa ya mwezi yote siku ile pesa inaingia, mbele ya kununua hata unga.

Na kwa mwenye muguu umekatwa, Mama Kadutu, huku Goma kuko Shirika la Umoja, banatengenezaka miguu ya bandia. Kwenu bwana anaweza kuuliza Heri Kwetu.

Mama Kadutu

Yaya asante. Alienda Heri Kwetu, anajifunza kutembea nayo. Anakasirika sana, lakini anatembea.

Papa wa Katuba

Mi niko Lubumbashi. Bibi yangu njo mugonjwa, pia kichwa, tunaenda kwa Guislain, ile centre ya Bafrere, muone, ni bale bale ba Goma na Bukavu. Nataka nisemee banaume. Nafua bikwembe bya bibi, namuchana nywele, napika bukari. Jamaa yangu balikuja kuniambia nimurudishe kwabo nioe mwingine. Nilikataa. Kile kiliniumiza ni kwamba ba mama ku kanisa banasaidianaka, banaletea mwenzao chakula, lakini mwanaume akiwa anachunga hakuna mutu anaingia mu jiko yake, banaona haya. Nilipata mulango kwa mama mukwe wangu, mama ya miaka sabini na kitu, anatoka komini ya Kenya hapa Lubumbashi kwa miguu mara mbili kwa juma, anakaa na mutoto wake mi nalala. Kama uko na jirani mwanaume mwenye kuchunga, gonga kwake. Hatutaomba.

Mama wa mapacha

Mimi kifupi. Bwana alikuwa na tebe (kifua kikuu). Dawa ya tebe ni bure, miezi sita, usikubali mutu akuuzishie. Reko (mujitoleaji wa afya wa mtaa) wa kwetu alikuwa anapita ku nyumba kuangalia kama anameza, na alinipimisha mimi na batoto. Chakula njo hatukupewa, na ile dawa inatia njaa. Shemeji zangu njo balituokoa na bihazi na maharagwe. Amepona.

Papa wa Cimpunda

Papa wa Katuba nimekusoma mara mbili. Hata mimi nikitembea na mutoto mugongoni batu banauliza mama yake alienda wapi. Niko na wewe.

Mutoto wa Bagira

Habari ya koko: nimegeuza tangu juzi, nimeweka alarme ku telefone. Doa imepungua rangi. Lakini siwezi kwenda masomo, niko mu mwaka wa mwisho wa humanité (sekondari) na egzame ya serikali inakaribia. Kama kuna mutu wa upande wa Bagira mwenye anaweza kukaa naye asubui hata siku mbili kwa juma.

Mama Kadutu

Mutoto wangu, uko Bagira sehemu gani? Mu muso yetu kuko mama mumoja wa kule, mujane, ako peke yake muchana na anapenda bakoko. Nitaongea naye siku ya Mungu (jumapili) kisha ibada. Uniandikie pembeni, usiweke anwani hapa mbele ya batu wote.

Na Binti wa Nyamugo, mimi niko Kadutu, kwenu si mbali. Siku ya ine (alhamisi) bwana yangu anaenda ku kine na kijana wetu, mimi nabaki bure kuanzia saa nane. Naweza kuja kukaa na mama mupaka saa kumi na moja. Wewe wende ku meza yako ya sambaza.

Binti wa Nyamugo

Mama, sijue hata nikuambie nini. Njoo. Nitakungojea ku barabara juu ngazi zinateleza. Uji nitaacha ndani ya termosi, dawa ya presha ya saa kumi itakuwa ku kikombe cha bluu, moja tu. Akisikia sauti asiyoijua analiaka kidogo, usiogope. Muanzishie wimbo wa kanisa. Maneno yalimupotea, hata jina langu anatafuta, lakini nyimbo anaziimba zote mupaka mwisho.