MREJESHO: Belshaza aliyekufa Danieli 5 anarudije sura ya 7?

Wakuu, niliuliza hilo la Belshaza, mfalme wa Babeli, kwa ajili ya darasa letu la Biblia hapa Dodoma. Ushauri wa kuandika mfalme na mwaka pembeni mwa kila sura umefanya kazi.

Kwa wakati, sura ya 7 (mwaka wa kwanza wa Belshaza) na ya 8 (mwaka wake wa tatu) zinatangulia ya 5. Sura ya 9 ni mwaka wa kwanza wa mfalme Dario, kwa hiyo iko jirani na 6, ambayo nayo ni ya Dario. Ya 10 ni mwaka wa tatu wa mfalme Koreshi.

Ila mpangilio wa sura katika kitabu una sababu yake. Kuanzia 2:4 hadi mwisho wa 7 maandishi ni Kiaramu, na sura zinakwenda kwa jozi: 2 na 7 falme nne, 3 na 6 tanuru na simba, 4 na 5 wafalme wenye kiburi. Ukiihamisha 7 kabla ya 5, jozi zinavunjika. Mimi nisingeigusa.

Mbinu hiyohiyo ya kuandika tarehe pembeni inasaidia kitabu cha Hesabu: 1:1 ni mwezi wa pili, 9:1 unarudi mwezi wa kwanza, mwaka uleule. Yeremia ndiyo kazi ngumu. Sura ya 21 ni wakati wa mfalme Sedekia, ya 25 inarudi kwa Yehoyakimu aliyetawala kabla yake.

Wanaokwama wengi hufuata vichwa vya habari vya wachapaji (havimo katika maandiko ya awali) badala ya tarehe iliyo ndani ya aya. Sura isiyo na tarehe iachieni nafasi wazi, msikisie.

Tunaendelea na Marko 6:14–29, kifo cha Yohana Mbatizaji, ambacho nacho kinasimuliwa kwa kurudi nyuma.