Vidonge mseto vya maumivu: viendelee kuuzwa bila cheti cha daktari?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam.

Naomba tujadili vidonge mseto vya maumivu, yaani kidonge kimoja kilichobeba dawa mbili au tatu. Kuna parasetamoli na ibuprofeni, parasetamoli na kafeini, parasetamoli na kodeini, hata diklofenaki na parasetamoli pamoja na dawa ya kulegeza misuli. Watu wanavipenda kwa sababu vinatuliza. Je, viendelee kupewa yeyote anayeviomba, au vitolewe kwa cheti cha daktari?

Msimamo wangu nautoa mapema. Vyenye kodeini au tramadoli, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, vitolewe kwa cheti tu. Vilivyobaki viendelee kuuzwa, ila jina na uzito wa kila dawa iliyomo viandikwe mbele ya pakiti kwa herufi kubwa kuliko jina la biashara. Sisemi kuchanganya dawa ni kosa. Ninachosema ni kwamba mchanganyiko unamnyang'anya mtumiaji hesabu yake.

Tazameni parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Hesabu hiyo haimshindi mtu. Sasa mtu huyo huyo apate mafua na mgongo umkaze siku moja. Anakunywa dawa ya mafua yenye parasetamoli. Anameza kidonge mseto cha mgongo, nacho kina parasetamoli. Ikiwa kila kidonge kina miligramu 500 na kila pakiti inamwambia ameze viwili mara tatu kwa siku, basi ametii maelekezo yote na bado amefikisha gramu 6. Usiku kichwa kikigonga ataongeza parasetamoli yenyewe. Kwa hesabu yake ametumia dawa tatu tofauti na hakuna hata moja aliyoizidisha.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kisha huizima sumu hiyo kwa akiba yake ya glutathioni, kemikali inayolilinda. Akiba ikikauka, sumu inashambulia ini lenyewe. Na siku ya kwanza mgonjwa anaweza asione dalili yoyote ya kumshtua, labda kichefuchefu tu. Dawa ya kumwokoa ipo, asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu azidishe. Anayedhani hajazidisha chochote hawezi kuwahi saa hizo.

Si hofu ya kubuni. Marekani na Uingereza, parasetamoli ndiyo inayoongoza kwa kusababisha ini kushindwa kazi ghafla. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa namna hiyo hawakukusudia kujidhuru. Kati yao, asilimia 38 walikuwa wakitumia dawa mbili au zaidi zenye parasetamoli kwa wakati mmoja. Januari 2011 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliwataka watengenezaji wa vidonge mseto vya cheti wasiweke zaidi ya miligramu 325 za parasetamoli katika kidonge kimoja.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mwenye kipandauso

Mkuu, napinga, na nitasema kama mtu anayeumwa.

Kipandauso kinapoanza, mwanga unachoma, natapika, siwezi hata kumsikiliza mtoto. Kidonge chenye aspirini, parasetamoli na kafeini kinaniinua pale ambapo parasetamoli peke yake imeshindwa. Na si imani yangu tu: tafiti zimeonyesha kwamba kafeini ya miligramu 100 au zaidi ikiambatana na dawa ya maumivu huongeza idadi ya wanaopata nafuu nzuri. Ongezeko ni dogo, nakubali, lakini kwa aliye ndani ya maumivu dogo hilo ni kubwa.

Kila mnapozungumzia usalama, mnapima madhara ya dawa mkiacha madhara ya maumivu yenyewe. Mkisema "aende kwa daktari", mnamwambia mtu aliyelala gizani na kitambaa machoni ainuke, akapange foleni, aandikiwe kitu anachokijua tangu zamani. Atakachofanya ni kununua dawa tatu mbalimbali na kujichanganyia mwenyewe. Hapo mtakuwa mmemsaidia nini?

Mfamasia

Dada, pole sana kwanza. Hoja yako ya mwisho ni nzito, na mtu yeyote aliyewahi kukaa dirisha la dawa anajua ni ya kweli.

Nianze kwa kuvitetea baadhi ya vidonge hivi, maana vinahukumiwa kwa pamoja wakati havifanani. Ibuprofeni miligramu 200 na parasetamoli 500 ni mchanganyiko wenye mantiki: dawa mbili zinazofanya kazi kwa njia tofauti, kila moja kwa dozi ya wastani. Uchambuzi wa tafiti za maumivu baada ya upasuaji uliotolewa mwaka 2013 na Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwamba karibu watu 7 kati ya 10 waliopewa mchanganyiko huo walipata nafuu ya angalau nusu ya maumivu yao. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, hawakufika hata 1 kati ya 10. Ni dawa chache za kumeza zinazofikia hapo.

Sasa weka kando yake kidonge chenye kodeini miligramu 8. Kiasi hicho ni kidogo mno kuongeza nafuu ya maana, lakini kinatosha kuleta choo kigumu na usingizi, na kwa anayekirudia kila siku, uraibu. Kodeini yenyewe haitulizi sana mpaka ini liigeuze kuwa mofini, dawa kali ya maumivu. Kuna watu miili yao haiigeuzi, hao hawapati kitu. Na kuna wanaoigeuza haraka kupita kiasi, hao hulewa, pumzi zikapungua hata kwa dozi ya kawaida. Huwezi kumjua mtu yuko kundi gani kwa kumtazama usoni.

Jambo la pili linakuhusu wewe, dada, na nalisema kwa upendo. Wataalamu wa maumivu ya kichwa wana mpaka wanaouzingatia: anayetumia dawa mseto siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa hiyo hiyo. Kwa parasetamoli au ibuprofeni ya peke yake mpaka ni siku 15. Kwa hiyo mseto unamfikisha mtu kwenye shida hiyo mapema zaidi. Kichwa kinauma, anameza, kinatulia, dawa ikiisha mwilini kinarudi, anameza tena. Anaamini ugonjwa umezidi, kumbe chanzo ni kile anachokishika mkononi. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza. Ukikaribia 10, huo ndio wakati wa kumwona daktari, na umweleze kwamba zipo dawa za kuzuia kipandauso kabla hakijaanza.

La tatu ni figo, na hili watu hulisahau kwa sababu ini limechukua mazungumzo yote. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote hupunguza damu inayofika kwenye figo, hukwangua tumbo hadi vidonda, na hupandisha presha. Mzee anayetumia dawa za presha za jamii ya enalapril au losartan pamoja na vidonge vya kupunguza maji mwilini, ukimwongezea diklofenaki iliyojificha ndani ya "kidonge cha mgongo", figo zake zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Yeye aliomba dawa ya mgongo. Hakuna aliyemtajia diklofenaki.

Msomaji wa historia

Mfamasia umegusa figo, basi ngoja nilete kisa kinachonisumbua kila mada hii inapofunguliwa.

Huskvarna, Sweden, mwaka 1918, homa kubwa ya mafua inaua watu dunia nzima. Daktari wa mji, Hjorton, anawaandikia wagonjwa poda yenye fenasetini na fenazoni, dawa za zamani za maumivu na homa, pamoja na kafeini. Homa ikaisha, poda haikuisha. Wafanyakazi wa kiwanda cha mji ule waliendelea kuitumia kila siku, si kwa maumivu tena bali ili wapate nguvu za kufanya kazi. Ilikuwa zawadi hata kwenye sherehe. Miongo kadhaa baadaye ndipo madaktari walipotambua kwamba watu wa mji huo walikuwa wakifa kwa figo kuharibika kupita kawaida.

Uswisi, mwaka 1953, madaktari Spühler na Zollinger waliandika kuhusu ugonjwa wa figo kwa watumiaji wakubwa wa dawa za maumivu. Australia nako poda za aspirini, fenasetini na kafeini, kama Bex, zilinunuliwa kama chai, na wanawake wa nyumbani ndio walioumia zaidi. Daktari Priscilla Kincaid-Smith alipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1979 mchanganyiko huo ukazuiwa kuuzwa kiholela. Ugonjwa ule wa figo ukaanza kupungua.

Ninachokiona hapo ni kafeini. Fenasetini ndiyo iliyolaumiwa zaidi, lakini kilichomfanya mtu aifungue poda asubuhi kabla hajaumwa na kitu ni ile raha ya kafeini. Dawa moja ilimrudisha, nyingine ikamwangamiza. Dada wa kipandauso, sikulinganishi na watu wale. Nasema tu kwamba kafeini ndani ya dawa ya maumivu si abiria asiye na hatia.

Asiyeamini marufuku

Nyote mnazungumza kana kwamba cheti ni ukuta. Cheti ni karatasi. Mkiifungia kodeini, watu watahamia tramadoli ya njia za panya, isiyojulikana imetengenezwa wapi, na yenye hatari ya kifafa ndani yake. Mlevi wa kodeini hatapona kwa sababu serikali imebadilisha kanuni.

Mwanzisha mada

Hoja hiyo niliitarajia na naiheshimu, kwa sababu ingekuwa kweli kila mahali ningebadili msimamo. Lakini kuna nchi zilizojaribu. Ufaransa iliiweka kodeini chini ya cheti Julai 2017, baada ya vijana kufa kwa kuchanganya dawa ya kikohozi yenye kodeini na vinywaji. Australia iliondoa kodeini isiyo na cheti tarehe 1 Februari 2018. Waliofuatilia matokeo ya Australia walikuta matukio ya watu kudhurika na kodeini, na mauzo yake, vimeshuka kwa karibu nusu, na vidonge vya kodeini vya nguvu zaidi havikupanda kufidia. Wengi hawakuwa "walevi" kama ulivyowaita. Walikuwa watu wa kawaida walioanza na jino au hedhi, wakaendelea kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Wale walioshikwa kweli na uraibu wanahitaji tiba, hapo tuko pamoja. Mtu anayemeza vidonge vingi vya ibuprofeni na kodeini ili apate ile kodeini anaharibu figo na tumbo kwa ibuprofeni asiyoihitaji. Mwaka 2022 kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa onyo juu ya mchanganyiko huo hasa, ikitaja madhara mazito ya figo na tumbo, na vifo.

Mama anayenyonyesha

Naomba kuuliza kabla hamjaendelea. Nina mtoto mchanga, na mgongo umenishika tangu kujifungua. Nimepewa na jirani kidonge chenye parasetamoli na kodeini. Kina shida?

Mfamasia

Usikimeze, mama. Kodeini inapita kwenye maziwa, na ukiwa katika lile kundi linaloigeuza haraka, mtoto anapata mofini nyingi, anasinzia kupita kiasi na kupumua kwa shida. Parasetamoli peke yake kwa dozi yake inafaa, na ibuprofeni kwa kawaida inafaa pia kama huna vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au tatizo la figo. Kama ulishakimeza na mtoto amelegea, hanyonyi vizuri au hapumui kawaida, mpeleke hospitali sasa hivi. Na wajawazito wanaosoma hapa: ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameamua vingine.

Mwenye kipandauso

Nimesoma yote. Nimehesabu siku zangu za mwezi huu na zinakaribia huo mpaka wa 10, kwa hiyo nitamwona daktari. Hilo ni langu.

Kwenye mada, nakubali kodeini iende kwa cheti. Nakubali herufi kubwa mbele ya pakiti, na nashangaa kwa nini si sheria tayari. Nisichokubali ni pale mtakapotaka kupunguza pia idadi ya vidonge katika pakiti, maana najua ndiko mnakoelekea. Anayeishi mbali na duka la dawa ataadhibiwa kwa safari.

Mwanzisha mada

Umenisoma vizuri, dada, ndiko ninakoelekea. Uingereza ilipunguza pakiti za parasetamoli mwaka 1998, vidonge 16 katika maduka ya kawaida na 32 katika maduka ya dawa, na kwa England na Wales katika miaka 11 iliyofuata vifo vya kuzidisha dawa hiyo vilikadiriwa kupungua kwa asilimia 43. Watu wengi waliozidisha walimeza kile kilichokuwepo kabatini saa ile ya giza. Kwa aliye mbali, napendekeza mwenye cheti cha ugonjwa sugu apewe pakiti kubwa, wengine ndogo. Kama una njia nyingine ya kuwalinda wale bila kukuumiza wewe, iandike hapa, nitaiunga mkono.